Muulize Bwana Miti: Wigo wa mtandamboo na wateja wa grosari

Shikamoo Babu Bwana Miti. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ipuli, hapa hapa Tabora. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja kilichoachwa pori miaka mingi. Mwaka huu mwenyewe amekisafisha, akang'oa kila kichaka, na sasa pamefunguliwa grosari ya pombe. Meza zao zinatazama uani kwangu. Nikifua, nikipika, watoto wakioga kwenye beseni, wateja wanatuangalia kama televisheni. Baba watoto anasema tusubiri hela ya matofali. Mimi nataka miti ya kuziba, ila iwe ya kijani mwaka mzima, maana kiangazi cha Tabora unakijua. Halafu tangu vile vichaka viondoke, asubuhi sisikii ndege tena. Fundi wa bustani kaniambia nipande duranta. Upande huo una mita 22. Nipande nini, na itachukua muda gani?
Mama Watatu, Ipuli

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili bibi yenu asikie. Alichosema kuhusu wateja wa hiyo grosari hakiandikiki gazetini.

Nianze na lile usilolipenda: wigo wa maana haupatikani msimu mmoja. Wa kwangu ulichukua mvua nne mpaka ukanifika machoni, na mimi si mrefu. Kwa hiyo nakupa vitu viwili. Kimoja cha kukustiri mwaka huu huu, kingine cha kukaa mpaka hao watoto wakuletee wajukuu. Cha kwanza ni mbaazi. Cha pili ni mtandamboo.

Mtandamboo unaujua hata kama jina hulijui. Siku ukipita barabara ya Sikonge au ya Urambo mwezi wa nane, miyombo ikiwa imekauka na mininga imebaki mifupa, tazama juu ya vichuguu. Pale juu utaona kichaka kimesimama na kijani chake kilichokolea kama hakijasikia habari ya kiangazi. Sogea. Majani ni magumu kidogo, yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Miiba imenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Ukikata kijiti kinatoa utomvu mweupe. Ukikuta umechanua, pua itajua kabla ya jicho: maua madogo meupe, kwa nje yana wekundu kidogo, yamekusanyika kwenye ncha za matawi. Matunda huanza kijani, yakawa mekundu ya zambarau, yakiiva ni meusi, saizi ya punje kubwa ya njegere au kuzidi kidogo. Matamu. Mchunga mbuzi yeyote aliyekulia huku ameyala.

Kila kabila lina jina lake la mti huu, hivyo ukienda kijijini usitaje jina la kitabuni. Eleza hivyo nilivyoeleza, mzee atakuonyesha kwa kidole. Wataalamu huuandika Carissa spinarum, na vitabu vya zamani viliandika Carissa edulis, ni ule ule. Si wa Tabora peke yetu. Unaota sehemu nyingi za Afrika, ukavuka Uarabuni, ukafika India na hata Australia. Lakini huku ni kwao, na ndiyo maana mvua ikikatika mwezi wa nne au wa tano hauhitaji kubembelezwa hadi Novemba.

Duranta sina ugomvi nayo. Ni nzuri, inakatika kwa mkasi ikawa kama meza. Ila asili yake ni Amerika, kiangazi chetu inataka maji kila mara, na yale matunda yake ya njano ni sumu kwa mtoto akiyala. Una watoto watatu. Mfikishie fundi salamu.

Sasa kazi. Naona uliandika mwezi wa kumi, kwa hiyo bado hujachelewa. Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, panda mbaazi mstari mmoja upande wa karibu na grosari, hatua moja moja, mbegu mbili kila shimo. Chagua zile ndefu za kienyeji zinazochukua muda mrefu, zile fupi za haraka hazitakufaa. Kufikia Machi zitakuwa zimempita mtu mzima kimo. Usizing'oe ukishavuna. Mbaazi hukaa zaidi ya mwaka, unazikata kwa juu zinachipua. Si ukuta, mtu akitaka kuchungulia atachungulia, lakini mlevi akiwa kwenye kiti chake hatakuona ukisuuza nguo. Na utakula mbaazi. Watu wa Pwani wangekwambia uzipike kwa nazi, sisi huku karanga zinatosha.

Wakati mbaazi zinakustiri, wewe unaandaa mitandamboo. Matunda yake hapa kwetu mengi huiva mvua zikishakolea. Nenda kwa ndugu mwenye shamba, omba. Kama unachuma msitu wa hifadhi, pita kwanza ofisi ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, uulize, nisije nikaambiwa Bwana Miti anafundisha watu kuingia msituni kinyemela. Chuma yaliyoiva kabisa, bakuli moja la mboga. Kila tunda lina mbegu mbili hadi nne, kwa hiyo matunda 80 yanakupa mbegu za kutosha na za kupotea. Yaponde kwa mkono kwenye maji, osha ute wote utoke, anika mbegu kivulini siku moja mbili, kisha sia. Usiziweke kabatini ukasubiri mwakani, zikikaa sana zinakufa.

Viriba, makopo, chupa za maji zilizokatwa, vyote sawa mradi vina tundu chini. Udongo wa kichuguu sehemu moja, udongo wa juu wa kawaida sehemu moja, samadi iliyooza nusu yake. Mbegu zitaanza kuchungulia kuanzia wiki ya pili au ya tatu, nyingine huchelewa mpaka ukazikatia tamaa. Halafu miche itakukera. Mtandamboo mchanga hauna haraka hata kidogo. Mwezi mzima unaweza kutazama majani manne yale yale. Usiumwagie mbolea ya dukani kwa hasira. Unajenga mizizi kwanza, hiyo ndiyo hesabu yake.

Hapa nikiri kosa langu. Nimekuwa bwana miti miaka 31, na nilipostaafu nikaona kusia mbegu ni kazi ya wanagenzi. Nikachukua jembe na mjukuu, tukaenda kwenye kichuguu shambani kwa shemeji yangu mwezi wa nane, tukang'oa miche 20 iliyoota yenyewe. Mingi kumbe haikuwa miche, ni vichipukizi vya mzizi wa mama yake, kwa chini haina mizizi yake ya maana. Tukaipanda kwa mbwembwe. Ilibaki mitatu. Bibi yenu alisema hata yeye ambaye hajasoma misitu anajua kwamba mwezi wa nane huhamishi kitu Tabora isipokuwa ng'ombe.

Kwa hiyo miche yako utailea kiangazi chote kijacho kivulini, ukimwagilia kidogo jioni, na utaitoa nje Novemba ya mwaka unaofuata. Kwa mita 22 nashauri mistari miwili, nusu mita kati ya mstari na mstari, na nusu mita kati ya mche na mche, ipishane, wa mstari huu utazame nafasi ya mstari ule. Hiyo ni miche 90 hivi. Otesha 120, maana mchwa nao watataka fungu lao.

Mchwa wa Tabora sina haja ya kukuhadithia. Mulishi, yaani matandazo ya majani makavu, ni nzuri kutunza unyevu lakini isiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Mimi huzungushia majivu ya jikoni na kukagua kila wiki kwa mwaka wa kwanza. Mche ukishakuwa na shina la unene wa kidole gumba, mchwa hausumbui tena. Adui anayebaki ni mbuzi. Miiba haimzuii mbuzi kula majani machanga, nimeshuhudia akitoa ulimi kama mtu anayechokonoa mfupa.

Kabla hujachimba, tafuta mawe ya mipaka ya kiwanja. Rudi ndani kwako mita moja kamili ndipo uchimbe. Kichaka hiki kikiachwa kinapanuka mita moja na zaidi kila upande, na jirani mwenye grosari akikwaruzwa gari na miiba yako atakuwa na haki. Mkipimiana mapema mbele ya mjumbe mnaokoa maneno mengi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wengi hukosea, na ndilo linalohusu ndege wako. Mche ukifika kimo cha goti, kata ncha. Utaona huruma, umeusubiri mwaka mzima halafu unaukata. Kata. Usipokata utapanda juu na kukuachia uwazi chini, na macho ya watu waliokaa kwenye viti yanapita chini. Ukikata unatoa matawi kando. Ukifika kiunoni kata tena. Na siku zote wigo uwe mpana chini na mwembamba juu, kama mtu aliyevaa kanga kiunoni, ili jua lifike matawi ya chini. Ukiupanua juu, chini panakufa.

Lakini ukishakamilika, usiukate pande zote kila mwezi kama nyasi za uwanja wa mpira. Nilisema maua yanakaa kwenye ncha za matawi. Kila ncha unayokata ni shada la maua ulilokata, na palipokosa maua hapana tunda. Wigo ulionyolewa mara kwa mara utakustiri vizuri sana, ila ndege hana cha kufuata pale. Mimi nafanya hivi: upande wa nje, unaotazama njia, naunyoosha. Upande wa uani kwangu nauacha ujitawale, napunguza tu matawi yanayonivuta shati. Kunyoosha nafanya mwezi wa sita au wa saba, matunda yameshaisha na viota vimeshaachwa.

Mwaka mmoja nilisahau hilo. Ilikuwa Desemba, tunatarajia wageni, nikataka wigo upendeze. Nikapitisha panga pale katikati, na kikombe kidogo cha vijiti na nyasi kikaning'inia kwenye ncha ya panga. Kiota cha shore, mayai mawili. Nilikirudisha, nikakifunga kwa kamba ya katani. Wenyewe walikuwa juu ya waya wa umeme wakipiga kelele, na hawakukirudia.

Shore ndio watakaokuja kwanza, wale wa kichwa cheusi wenye njano chini ya mkia, ndio wala matunda wakubwa mitaani kwetu. Kuzumburu watafuata, wale wenye mkia mrefu wanaoning'inia kama panya, hao wakipata matunda wanakula kama wamelipia. Chozi wataingia kwenye maua. Tetere hawana haja na tunda laini la namna hiyo lakini watajenga humo ndani, kwa sababu paka hapiti miiba hiyo. Jioni utamwona nondo mkubwa akining'inia hewani mbele ya ua jeupe. Haya yote nimeyaona kutoka kwenye kiti changu cha kamba, sikuwahi kwenda mbali.

Utaambiwa wigo unaleta nyoka. Utaambiwa na mama mkwe, jirani, na fundi wa duranta. Nyoka anafuata panya, na panya anafuata pumba, mahindi yaliyomwagika na rundo la mabati na matofali mnayoyaegemeza hapo. Fagia chini ya wigo, usihifadhi kitu, banda la kuku liwe mbali nao. Watoto wafundishwe kutookota mpira humo bila fimbo ndefu, zaidi kwa ajili ya miiba kuliko nyoka. Na karibu na geti usipande kabisa, vijiti vilivyokatwa vitatoboa tairi za baiskeli ya mzee.

Moja sikudanganyi: mtandamboo hauzibi spika. Muziki wa grosari utaendelea kuupata bure. Ila wale wanaotoka usiku kutafuta pa kujisaidia, wakishachomwa mara moja hawarudi.

---

Mzee Bwana Miti, habari za kazi. Sisi Ujiji kwetu wigo ni minyaa tangu enzi za marehemu baba. Mwaka huu mjukuu wangu alivunja kijiti, utomvu ukamwingia jichoni, akakaa siku mbili hafumbui. Sasa kapona. Watoto wangu wanataka niikate yote. Mimi naona ni kama kukata kaburi la baba. Unasemaje?
Bibi wa Ujiji, Kigoma

Salama bibi, na pole sana kwa mtoto. Utomvu wa mnyaa jichoni si mchezo, unaunguza na unaweza kumtoa mtu uwezo wa kuona kwa siku kadhaa, mara nyingine ukaacha madhara. Ikitokea tena, Mungu aepushe, osha jicho hapo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano au zaidi, usimpake kitu chochote cha nyumbani, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kukata, usikate yote. Minyaa ni mti wa huku, unastahimili ukame kuliko hata mtandamboo, na mbuzi hauli. Ondoa ile ya karibu na mlango, njia ya watoto na choo. Anayekata avae miwani na shati la mikono mirefu, akate asubuhi hakuna upepo, na mabaki yasichomwe karibu na nyumba kwa sababu moshi wake unawasha macho. Hapo palipobaki wazi panda mtandamboo. Kwenu mvua huwahi kidogo na udongo wa kuelekea ziwani una nguvu, labda utakua upesi kuliko wangu. Kiwanja kikiwa na mteremko, fuata ulalo wa ardhi, usipande kushuka na mteremko, na wigo wenyewe utakushikia udongo.

Ile ya nyuma aliyoipanda marehemu iache.

---

Babu, kuna kijana Kasulu anauza miche anayosema ni mtandamboo, shilingi elfu moja moja. Haina miiba. Anasema miiba itakuja ikikua. Nichukue?
Mwalimu, Kasulu

Usichukue, mwalimu.

Mche mdogo sana unaweza usiwe na miiba mikali, hilo ni kweli, lakini ukishapita kimo cha shibiri mbili mtandamboo unajionyesha. Nina sababu ya kuwa mkali. Kuna jamaa yake anaitwa msunguti. Ni ukoo mmoja kabisa: majani magumu ya kijani yanayotazamana, utomvu mweupe, maua meupe yenye wekundu na harufu nzuri, matunda ya zambarau iliyoiva. Ukiwaweka pamoja mgeni hawatofautishi, isipokuwa kwa miiba, ambayo msunguti hauna. Ndio uliochemshwa tangu zamani kupata sumu ya mishale ya kuwindia, inasimamisha moyo wa mnyama mkubwa. Sisemi kijana anauza sumu. Inawezekana hata yeye kaokota tu mche unaofanana. Ila wigo wa shule au wa nyumbani, wenye matunda ambayo umewaambia watoto kwamba yanalika, haujaribiwi kwa kubahatisha.

Kwa sababu hiyo hiyo, watu wakikuambia mizizi ya mtandamboo inachemshwa kwa ugonjwa huu na ule, ni kweli watu huchemsha, nimewaona maisha yangu yote. Mimi nilisomea miti, sikusomea dawa, na kwenye mizizi hakuna mwiba wa kukusaidia kujua umeshika ndugu yupi.

Mwambie kijana akuonyeshe mti mama. Kama atakupeleka kwenye kichaka chenye miiba na matunda meusi, na wewe mwenyewe ukamwona mchungaji akila, nunua miche yake yote na umlipe nauli.